Mwanaume Mmoja Mwenye Mvi

Tulimzika Koko Vero siku ya Jumatano, na mvua ikatuvumilia mpaka koleo la mwisho la udongo. Koko ni bibi, ndivyo tunavyowaita huku Bunia, mashariki ya Kongo, wanawake waliofika umri wa kuheshimiwa na kila mtu, hata asiyekuwa wa damu yao. Kutoka makaburini tulirudi kukaa matanga katika parseli yake, kiwanja chenye nyumba na ua, mtaa wa Nyakasanza, wanawake kwenye mikeka, vijana wamesimama kando ya ukuta. Mbele ya mlango walikuwa wamepanga viti vitano vya mbao kwa ajili ya wazee wanaume. Vinne vilibaki vitupu mpaka jioni. Kwenye cha tano alikaa Muzee Ngabu, mume wa marehemu, mtu aliyepita miaka themanini, amevaa koti lake la rangi ya kahawa. Aliponiona aliniita kwa kidole, akanishika mkono, akasema kwa Kiswahili chetu, ambamo njo ni ndiye, kwa sauti ambayo wanawake wote waliisikia, "Masika, weye njo ulifanya nibakie. Mimi njo nilipashwa kutangulia." Wanawake wa mikeka wakacheka, naye akacheka, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola. Nilikaa chini karibu na magoti yake. Niliujua mwaka aliokuwa anauzungumzia.

Ulikuwa mwaka wa amani ambayo watu waliitaja kwa sauti ya chini. Askari wenye kofia za bluu walikuwa bado wanasimama kwenye mzunguko wa katikati ya mji, maduka yalikuwa yanapakwa rangi tena, magari yalianza kupita barabara ya Mongbwalu, na bado watu wengi walilala na viatu karibu na mlango. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilitoka Butembo, nikapata kazi ya kuandika rejista ya wazazi kwenye kituo kidogo cha afya, na nikapanga chumba kwa Muzee Ngabu na Koko Vero, ambao wao wenyewe walikuwa wamekimbia Djugu na kuanza maisha upya wakiwa tayari na mvi. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza, na kuta zilizopakwa bluu mpaka nusu, kwa sababu rangi ilikwisha na hakuna aliyeenda kununua nyingine. Dirisha lilitazama jiko la Koko Vero, hatua tano tu, hivyo niliishi ndani ya maneno ya jiko lile. Nilijua sombe, yale majani ya muhogo, imetiwa mawese kiasi gani kabla haijafika kwenye sahani. Nilijua Jumapili kwamba samaki ametoka Kasenyi na kwamba hakuwa mkubwa kama muuzaji alivyoapa. Na nilijua kwamba Muzee Ngabu, kila siku, kabla hajaonja chochote, alichukua chumvi kwa vidole vitatu na kuinyunyiza juu ya chakula kama mtu anayepanda ulezi. Koko Vero hakumkataza. Alikuwa ameolewa naye tangu ujana wao na alichagua mambo ya kugombania.

Kazi ilinifurahisha kuliko nilivyotegemea. Mkunga mkuu, Mama Beatrise, alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ndogo, na alinipa kalamu mbili na sharti moja: mtoto aandikwe kabla hajakauka. Mwisho wa kila mwezi nilijumlisha. Mwezi wa kwanza wavulana walizidi wasichana kidogo. Mwezi wa pili vilevile. Mwezi wa tatu nikaanza kudhani nakosea, nikarudia hesabu, kisha nikaenda kwake kwa aibu kumwambia kwamba labda kuna wasichana nimesahau kuwaandika. Alifungua kabati, akatoa rejista za zamani ambazo wakati wa uporaji alizificha nyumbani kwake chini ya magunia ya mahindi, pembe zake zimeliwa na panya, na akaniambia nijumlishe mwaka wowote ninaotaka. Nilichagua miwili, kisha wa tatu. Kila mahali ilikuwa hivyo, wavulana wakizidi kidogo tu, mkono ule ule wa Mungu, miaka ya vita na miaka ya kabla ya vita.

"Bavulana njo banakuya bengi," alisema akifunga kabati. "Na bavulana njo banaenda mbio."

Sikumwelewa mpaka aliponipeleka kwenye chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ambako akina mama walikaa siku nzima wamewafunga watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, chini ya blanketi. Alinieleza polepole, akitembea kitanda hadi kitanda. Msichana wa miezi saba mara nyingi anavuta pumzi yake mwenyewe na kuanza kugombana na dunia. Mvulana wa miezi ile ile kifua chake bado hakijakomaa, inabidi umkeshee. Homa inamshika upesi zaidi, kuhara kunamwangusha upesi zaidi. Alisema hajui sababu yote, na kwamba madaktari waliomfundisha nao walisema sehemu tu wanaijua, ila mwili wa mwanamke umejengwa kwa safari ndefu. Halafu, kwa sababu alikuwa mtu wa haki, akaongeza kwamba safari hiyo bado inakatwa kwenye vitanda hivi hivi, na kwamba mwezi uliopita tulimpoteza mama mmoja ambaye nilimwandika mimi mwenyewe. Nilimkumbuka. Nilikuwa nimeandika jina lake kwa wino wa bluu.

Katikati ya mwaka serikali ikaleta vyandarua vya mbu, na mimi nikapewa avenyu yetu, nipite nyumba kwa nyumba kuandika majina na umri. Nilifurahi kama mtu aliyepewa sikukuu. Kila mahali walinikalisha, wakanipa chai ya mchaichai, karanga, muhogo wa kuchoma, na maneno. Watoto walikuwa wengi pande zote mbili, wavulana na wasichana, siwezi kuwatenganisha. Kwa vijana mambo yakabadilika: mama anataja mtoto wake wa kiume, kisha anasita na kuuliza kama aliye Mongbwalu kwenye mashimo ya dhahabu anahesabika, kama aliyechukuliwa na wapiganaji na hajarudi anahesabika. Nilipofika kwa wenye mvi, kalamu yangu ikaandika wanawake, wanawake, wanawake. Nilipomaliza avenyu nzima, nikaketi kwenye kitanda changu na karatasi zote, nikatafuta mwanaume mmoja mwenye mvi. Nilimpata. Alikuwa anakohoa nje ya dirisha langu, akimwita mke wake amletee chumvi.

Ungeniuliza siku ile sababu ni nini, ningekujibu neno moja, vita, na mtu yeyote wa Bunia angekubaliana nami. Lakini kila Jumapili baada ya misa wajane wa avenyu walikusanyika kwa Koko Vero kuchambua maharagwe ya juma zima, na baada ya zile karatasi nikaanza kukaa nao na kusikiliza vizuri. Walikuwa wanawake wa furaha. Walimtania Koko Vero kwamba yeye tu bado ana mtu wa kumfulia shati. Mume wa mmoja aliuawa kwenye vita, na mjane huyo alisema hivyo bila kushusha sauti. Mume wa mwingine alifukiwa na shimo la dhahabu. Mume wa mjane wa tatu aliamka mzima, akanywa chai, akafa ameshika kikombe. Mume wa Mama Roza, aliyekuwa fundi wa matofali, aliumwa tumbo mwaka mzima akisema litapita. Mama Roza alikuwa mdogo wa umbo na mdomo wake haukuwa na kufuli. Nilipomwuliza kama ilikuwa wakati wa mapigano, alitikisa kichwa na kuendelea kuchambua.

"Vita ilikamata batu, ni kweli," alisema. "Lakini bwana yangu hakufa na vita. Alikufa na kichwa nguvu."

Walicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Mimi nilicheka pia, na huku nikicheka nikaona jambo ambalo tangu siku ile sijaacha kuliona. Wanawake wale wote walikuwa wamezaa. Kila mmoja, mara nne, mara nane, alikuwa ameingia kwenye mlango wa kituo cha afya, akapandishwa kwenye mizani, akafungwa mkono kupimwa tansio, yaani presha ya damu, akaulizwa analala vipi na anakula nini. Walikuwa wamezoea kuulizwa. Waume zao walikuwa wamesimama nje ya mlango ule ule miaka yote, wameshika ndoo na nguo, na hakuna aliyewaambia waingie.

Muzee Ngabu alikuwa dereva wa lori kwa maisha yake yote na alijivunia kwamba hajawahi kuchomwa sindano. Mwaka ule kichwa kilimuuma karibu kila asubuhi. Alikifunga kitambaa, akalilaumu jua. Nilileta mashine ya tansio kutoka kazini, akaitazama kama mtu anayeonyeshwa nyoka, akasema hiyo ni kitu ya bamama wenye mimba. Niliileta tena juma lililofuata, akatoka kwenda kutembea. Kisha asubuhi moja ya mwezi wa nane, nikiwa dirishani nachana nywele, nilimwona anachukua kikombe na kikombe kikamtoka mkononi. Alikitazama pale chini. Alitaka kusema kitu kwa mke wake, na maneno yakatoka mazito, yamelala upande mmoja. Baada ya dakika chache alisema sawasawa tena, akaomba kikombe kingine. Nilitoka mbio, nikamsihi twende hospitali saa ile ile. Alikataa. Alisema alikuwa na usingizi tu.

Koko Vero hakulia wala hakumsihi. Aliokota vipande vya kikombe, akaosha mikono, akavuta kigoda mpaka mbele ya mume wake, akaketi. Nilikuwa nimesimama pale, na ninakumbuka kwamba alijifuta mikono kwa kitenge chake, kidole kwa kidole.

"Muzee, unifundishe," alisema. "Karatasi ya parseli iko wapi?"

Muzee aliuliza ya nini. Koko Vero akamjibu kwa upole, kama anayepanga safari ya soko. Alisema kwamba Mama Roza alipobaki peke yake hakujua karatasi ya kiwanja iko wapi, na ndugu za marehemu walimtoa ndani ya nyumba aliyoijenga kwa matofali ya mume wake. Hataki yamfike hayo. Kwa hiyo leo amwonyeshe karatasi, kesho amfundishe kufunga bati linalovuja, keshokutwa amwambie ni nani mjini aliye rafiki wa kweli na ni nani wa kuogopwa. Na kama angeweza, achague pia koti la kuzikwa nalo, kwa sababu yeye hapendi kukisia.

"Unaniona nimekufa?" Muzee aliuliza.

"Ninaona banaume bote ya avenyu," alisema Koko Vero. "Ni weye tu ulibakia. Sitaki zamu yako inikute siko tayari."

Muzee alimkasirikia. Siku ile hakula chakula chake, na mimi nilikwenda kazini nikijua kwamba kila saa inayopita inaweza kuwa ya mwisho wake. Mchana niliporudi kuwaangalia, nilimkuta amesimama chini ya ngazi, akimwangalia mke wake, mwanamke wa karibu miaka sabini, akipanda na nyundo kwenye mkanda wa kitenge. Alikuwa amefika juu. Alikuwa anagonga msumari mahali pasipo na tundu. Muzee alimwambia ashuke, akamwambia tena, na mara ya tatu sauti yake ilikuwa ndogo. Halafu akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amevaa koti la rangi ya kahawa, na mimi nikadhani amelichagua la kuzikwa. Aliniambia nimwitie mtu mwenye pikipiki.

Nilimwita Bosco, kijana wa pikipiki wa kona yetu, aliyekuwa na tabia ya kunipakia bila kuharakisha. Muzee akakaa katikati, mimi nyuma nikimshikilia. Kwenye kituo chetu aliketi kwenye benchi pamoja na wanawake wanane wenye mimba, kofia mapajani, macho ukutani. Mama Beatrise alimfunga mkono mwenyewe. Nilikuwa nimejifunza kusoma uso wake, na uso wake haukubadilika hata kidogo, ndipo nikajua kwamba hali ni mbaya sana. Alipima mkono wa pili. Kisha akamwuliza Muzee, kwa adabu kubwa, kama angekubali kwenda hospitali kubwa sasa hivi, bila kupitia nyumbani, naye akakubali kama mtoto.

Alilazwa siku tisa. Nilimpelekea chakula kila mchana, bugali na mchicha tunaouita lengalenga, bila chumvi, naye alikula akiniangalia kama nimemwibia. Siku ya nne alimwambia muuguzi kwamba maumivu yale ya kichwa ni shimo alilokutana nalo barabarani kwa miaka na hakujua linaitwa tansio. Siku ya sita wajane wote walifika pamoja kumtazama, wamevaa vitenge vya sikukuu, wakakizunguka kitanda, na wanaume wengine wa chumba kile, vijana waliovunjika miguu na wachimbaji wenye vikohozi, wakawa wanauliza huyu mzee ameoa wangapi. Alirudi nyumbani na vidonge ambavyo angevimeza kila siku ya maisha yake. Alitembea polepole kidogo kwa mguu wa kushoto. Hilo tu ndilo lililobaki.

Ninaposimulia hadithi hii watu husubiri jambo baya, kwa sababu wanajua mji wetu. Mwezi wa tisa milio ya bunduki ilisikika upande wa barabara ya Gety, na kwa siku tatu soko halikufunguliwa. Lakini kilichonibakia mimi ni zile Jumamosi. Muzee Ngabu alitaka mashine ya tansio ije kwenye parseli yake kila Jumamosi, na Mama Beatrise akakubali, akaniachia mashine na muuguzi mmoja. Muzee aliweka benchi kivulini, yeye mwenyewe akakaa mwanzo wa benchi na kumwita kila mwanaume aliyepita. Walikuja mafundi wa matofali, madereva, mashemasi, watu wa miaka arobaini na hamsini waliokuwa hawajawahi kushikwa mkono na mtu mwenye kalamu. Wengine walitoka mtaa ambao mwaka uliotangulia watu wa avenyu yetu hawakuthubutu kukanyaga, na wao vilevile hawakuthubutu kuja kwetu. Waliketi bega kwa bega na mashati yamekunjwa mpaka juu ya kiwiko. Waliulizana umepata ngapi. Nilisikia watu wawili, ambao najua kila mmoja alipoteza ndugu mikononi mwa watu wa upande wa mwenzake, wakishauriana namna ya kula maharagwe bila chumvi. Bosco naye alipimwa, akiwa na miaka ishirini na minne, ili tu akae karibu na kalamu yangu. Leo ni mume wangu, amenenepa, na kila ninapomtajia daktari anakumbuka kwamba ana safari. Mimi pia nimejifunza kuuliza karatasi ziko wapi.

Karatasi ile ya parseli ilikuwa ndani ya Biblia, na ilikuwa na jina moja tu, la Muzee. Hilo lilimsumbua zaidi ya vidonge. Walikuwa wameoana kwa desturi, ng'ombe wakaenda, pombe ikanywewa, na serikali haikuwahi kuambiwa. Mwezi wa kumi na mbili akatangaza kwamba atamwoa Koko Vero ofisini, mbele ya bendera, ili pasiwepo ndugu wa kumtoa mtu ndani ya nyumba yake. Wajane walichukua jambo hilo mikononi mwao kama vita vyao wenyewe. Mama Roza alishona nguo. Nilikwenda nao ofisini na nikamwona mwandishi wa serikali akimwuliza bibi harusi umri wake mara mbili, na Koko Vero akimjibu mara mbili kwamba aandike tu.

Mchana tulirudi parselini. Kulikuwa na mchele, nyama ya mbuzi, samaki wa Kasenyi, ndizi zilizopondwa, na redio ya Bosco iliyounganishwa na betri ya gari. Muziki ulipoanza, wajane wakatazamana, kisha wakaanza kucheza wawili wawili, mwanamke na mwanamke, kama walivyozoea kwenye sherehe zote za miaka ile. Muzee Ngabu aliwatazama kutoka kwenye kiti chake. Akasimama, akavua kofia, akaenda kwa Mama Roza, akainama mbele yake, akamchezesha mpaka mwisho wa wimbo, mguu wa kushoto ukifika nyuma kidogo kila mara. Alipomaliza akapumzika, akanywa maji, akaenda kwa wa pili. Wengine walielewa, wakajipanga mstari kando ya ukuta, wakirekebisha vilemba. Nilipata wasiwasi kwa ajili ya moyo wake, nikamwendea Koko Vero, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na nguo yake mpya akiwatazama, nikamwambia labda tumzuie.

"Muache azunguke," alisema. "Siye tuko bengi, na yeye iko mumoja tu."

Kisha alivua viatu vyake vya harusi, akaviweka pembeni vikitazama ukuta, akainuka, akaenda kusimama mwisho wa mstari.